Katuni za senti 10 zenye bei ya majumba

Jalada la Action Comics namba 1 limeandikwa Juni 1938, na bei yake ilikuwa senti 10 za Marekani. Nakala kama 200,000 zilichapwa. Leo wajuzi wa soko hili wanakadiria kuwa zimebaki kama 100 tu, na nyingi kati ya hizo zimechanika, zimekarabatiwa au zimepoteza kurasa. Hazikupotelea kwenye janga lolote kubwa. Zilisomwa. Mtoto aliinunua dukani, akaikunja, akaitia mfuko wa nyuma wa suruali, akampa rafiki, rafiki akamwachia mdogo wake, na mwishowe mama akaitupa pamoja na magazeti ya wiki iliyopita. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili, kampeni za kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya viwanda vya vita zilisomba sehemu kubwa ya zilizokuwa zimebaki. Kisha ikaja hofu ya wazazi. Mwaka 1948, huko Binghamton katika jimbo la New York, wanafunzi wa shule ya kanisa walichoma katuni hadharani. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kuwa katuni zinawaharibu watoto, Seneti ikaitisha vikao, na waliokuwa wakisitasita kusafisha kabati za watoto wao wakapata sababu.

Zilizonusurika ndizo zinazouzwa leo kwa bei zinazowatoa jasho hata wakusanyaji wakongwe. Januari 2026, nakala moja ya toleo hilo, lile lililomleta Superman duniani, iliuzwa kwa mapatano ya faragha kwa dola milioni 15. Miezi miwili kabla, Novemba 2025, kampuni ya mnada ya Heritage ya Dallas ilikuwa imeuza Superman namba 1 ya mwaka 1939 kwa dola milioni 9.12. Habari kama hizo zikifika kwetu hupokewa kama vioja vya matajiri. Mimi naona ndani yake somo la uchumi lililo wazi kuliko mengi yanayofundishwa madarasani: katika soko hili, uadimu wenye thamani ya kudumu ni ule ambao hakuna mtu aliyeupanga. Kila ulipopangwa, ulivunjika.

Lakini kabla ya bei kuna kipimo. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 muuzaji alisema nakala yake ni nzuri mno, mnunuzi akasema ni ya wastani, wakavutana. Mwongozo wa bei wa Robert Overstreet, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1970, uliwapa maneno ya pamoja bila kuumaliza ubishi. Mwaka 2000 ikaanza kazi kampuni ya CGC, yenye makao huko Sarasota, Florida. Unaipelekea nakala yako, wapimaji zaidi ya mmoja wanakagua pembe zake, mgongo, pini, mng'ao wa jalada na weupe wa kurasa, wanatafuta kama kuna rangi iliyopakwa au gundi iliyotiwa baadaye, kisha wanaipa alama kati ya 0.5 na 10 na kuifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Lebo ya buluu ni ya nakala isiyokarabatiwa. Ya zambarau inatangaza kwamba nakala imekarabatiwa, na hapo bei huporomoka hata kama kwa macho inapendeza kuliko ile ya buluu.

Tangu hapo katuni ikaweza kununuliwa na mtu ambaye hajaigusa wala kuiona ana kwa ana, na fedha za watu wasiosoma katuni kabisa zikapata mlango. Tena kipimo chenyewe kikawa bidhaa. Toleo la Amazing Fantasy namba 15, la Agosti 1962, ndilo lenye hadithi ya kwanza ya Spider-Man, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Liliuzwa senti 12. Mwaka 2011 nakala yenye alama 9.6 iliuzwa dola milioni 1.1. Miaka mitano baadaye nakala ya 9.4 ilinunuliwa mnadani kwa dola 454,100. Hadithi ni ileile, wino ni uleule, na mtu asiye na jicho la kazi hiyo ukimwekea mbili hizo mezani hatajua ipi ni ipi. Tofauti ya 0.2 ilikula zaidi ya nusu ya thamani. Septemba 2021 nakala nyingine ya 9.6 ilifika dola milioni 3.6, kwa kuwa wakati huo nne tu zilikuwa na alama hiyo na hakuna hata moja iliyoipita.

Kwa nini ni nne tu? Tuanze na karatasi. Katuni za zamani zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, rojo la mbao lenye asidi ndani yake, bidhaa iliyotengenezwa ili iishi mwezi mmoja. Hewa na mwanga huigeuza rangi ya chai. Joto na unyevu huikausha, huikunja na kuiotesha ukungu. Aliyewahi kuweka vitabu ndani ya nyumba Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo nakala ya mwaka 1938 iliyofika leo ikiwa na kurasa nyeupe imepita vizuizi vingi kwa bahati: haikusomwa mara nyingi, haikuuzwa kama karatasi kuukuu, na ilihifadhiwa mahali pakavu, pa baridi na pa giza na mtu ambaye wala hakujua kuwa anahifadhi utajiri.

Mtu wa namna hiyo anayetajwa kuliko wote ni Edgar Church, mchoraji wa matangazo ya biashara huko Colorado. Alinunua katuni mpya mfululizo tangu miaka ya 1930, akazipanga kwa marundo marefu ndani ya nyumba yake, zikigandamizana hata hewa isipite kati yake, katika eneo la mwinuko ambako hewa ni kavu. Mwaka 1977 familia yake ilipokuwa ikiondoa mali nyumbani, mfanyabiashara kijana wa huko, Chuck Rozanski, alizinunua. Zilikuwa zaidi ya 16,000, na nyingi zilionekana kana kwamba zimetoka kiwandani asubuhi ileile. Hadi leo nakala ikiwa na uthibitisho kwamba ilitoka kwenye marundo ya Church, inapewa bei ya juu kuliko mwenzake mwenye alama sawa. Soko lina jina la ukoo wa nakala, na wanunuzi wanaulipia ukoo huo kama wafugaji wanavyolipia mbegu ya ng'ombe.

Nakala ya Action Comics namba 1 iliyouzwa kwenye eBay Agosti 2014 kwa dola milioni 3.2 ilikuwa imekaa miongo minne ndani ya sanduku la mbao za mwerezi huko West Virginia. Na ile Superman namba 1 iliyouzwa Novemba 2025? Ndugu watatu walikuwa wakipanga vitu vya marehemu mama yao huko San Francisco, wakaikuta darini ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu. Mama alikuwa amewaambia tangu utotoni kwamba anazo katuni za zamani, lakini hakuwahi kuwaonyesha. Ilipopimwa ilipata alama 9.0, ya juu kuliko nakala nyingine yoyote ya toleo hilo iliyokuwa imepimwa.

Kila nyumba kongwe ya Marekani ina dari, na kila mwaka wazee wengi wanafariki. Ingetarajiwa kwamba ugavi ungeongezeka hadi bei zishuke. Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo inayonivutia zaidi katika jambo hili lote. Watu walianza kujua kuwa katuni zina thamani tangu miaka ya 1970, na dari nyingi zimeshapekuliwa. Zinazopatikana sasa ni moja hapa, moja pale, na nyingi ni za alama za chini. Nakala moja bora ikizuka baada ya miaka kumi haishushi bei; inaamsha wanunuzi waliokuwa wamelala. Hao nao ni wengi kuliko nakala zenyewe.

Tazama safari ya ile iliyouzwa dola milioni 15. Mwigizaji Nicolas Cage aliinunua miaka ya 1990 kwa dola 150,000, fedha ambazo wakati ule zilionekana za kufuru. Mwaka 2000 iliibwa nyumbani kwake Los Angeles. Ikapotea kwa miaka 11, hadi ilipokutwa mwaka 2011 kwenye ghala la kukodi huko California. Ilirudishwa kwa Cage, akaiuza mwaka uleule kwa dola milioni 2.16, na ikawa katuni ya kwanza duniani kuvuka milioni mbili. Alama yake ni 9.0. Kutoka hapo hadi milioni 15 ni miaka 14 na ushei, na katika muda wote huo hakuna nakala ya toleo hilo iliyojitokeza kwa CGC ikiwa na alama ya juu zaidi.

Hata hivyo takwimu za namna hii zina mtego wake, na magazeti yetu huwa hayautaji. Dola milioni 15 ni makubaliano ya watu wawili siku moja. Ikiwa mmoja wao angeumwa wiki hiyo, huenda bei ingekuwa nyingine. Wenye nakala bora hawauzi soko linapolala, wanazikalia. Ndiyo maana orodha za rekodi zinapanda tu: miaka mibaya haina rekodi kwa sababu haina mauzo. Msomaji anaona ngazi isiyo na shimo, kumbe mashimo yapo, ila hakuna aliyetaka kukanyaga hapo hadharani.

Mashimo yenyewe yalionekana wazi miaka ya 1990. Habari za katuni za kale kuuzwa kwa bei kubwa zilikuwa zimeenea, na wachapishaji wakasoma alama za nyakati. Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ilitoa X-Men namba 1 ikiwa na majalada matano tofauti, ili mkusanyaji asitosheke na moja. Zaidi ya nakala milioni 8 ziliuzwa kwa maduka. Novemba 1992 kampuni ya DC ikamuua Superman katika toleo namba 75, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uliokuwa na kitambaa cheusi cha kufunga mkononi kwa maombolezo. Watu walipanga foleni. Wengi walinunua mbili au zaidi: moja ya kusoma na nyingine ya kuweka bila kufungua mfuko, wakiamini kwamba itakuja kuwalipia watoto wao ada ya chuo.

Kosa la hesabu hiyo lilikuwa mbele ya macho yao. Action Comics ya 1938 ni ghali kwa sababu hakuna aliyeiweka. Superman ya 1992 kila mtu aliiweka. Mamilioni ya nakala zikalala salama ndani ya mifuko, na zipo mpaka leo, na zinapatikana kwa dola chache. Kati ya 1993 na 1996 soko lilianguka, maduka kwa maelfu yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mwaka ule wa mfuko mweusi kila kitu kilikuwa kinajitembeza.

Ningependa kusema kwamba wote walijifunza. Baadhi ya wachapishaji bado wanatoa majalada ambayo duka halipewi hata moja mpaka liagize nakala 25 za kawaida, au 50, au 100. Uadimu umehamia pia kwenye alama. Kwa katuni za miaka ya 1980 na kuendelea, mnunuzi anataka 9.8, na 9.6 inaonekana kama aibu. CGC inachapisha hesabu ya nakala zote ilizowahi kupima, toleo kwa toleo na alama kwa alama, na wauzaji huitumia hesabu hiyo kuonyesha uadimu. Lakini hesabu hiyo kwa kawaida haipungui, inaongezeka. Toleo la mwaka 1962 lenye nakala chache za juu linaweza kuongezewa moja baada ya muda mrefu. Kwa Spawn namba 1 ya mwaka 1992, iliyouzwa takriban nakala milioni 1.7, kuna maboksi yaliyojaa ambayo hayajatumwa kupimwa kwa sababu gharama ya kupima inakaribia bei ya kuuzia. Bei ikipanda kidogo, maboksi yanafunguliwa, ugavi unamwagika, bei inarudi ilikokuwa.

Kuna pia kazi nyingine inayoongeza ugavi wa juu kimyakimya. Nakala yenye mikunjo midogo hulainishwa kwa unyevu kidogo na kubanwa kwa joto mpaka inyooke, na CGC haihesabu kazi hiyo kuwa ukarabati. Mtu huvunja kasha la 9.4, akainyoosha nakala, akaituma tena, ikarudi 9.6. Faida yake inaweza kuwa mara kadhaa ya gharama. Kwa maoni yangu hapa ndipo kipimo kinapoanza kujiharibia sifa: tunaambiwa tunalipia nakala iliyosalimika, kumbe nyingine tunalipia fundi.

Na wapo wasiokuwa mafundi hata kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iligundulika kwamba makasha ya CGC yalikuwa yamefunguliwa bila kuacha alama dhahiri, nakala nzuri zikatolewa, na za hali ya chini zikawekwa chini ya lebo zilezile za juu. Kampuni ilichapisha orodha ya mamia ya nakala za kushukiwa na kuwataka wenye nazo wazirudishe. Kwa soko ambalo thamani yake yote imejengwa juu ya imani kwamba lebo na kilichomo ndani ni kitu kimoja, hilo lilikuwa pigo zito. Wanunuzi makini sasa wanadai picha kubwa za nakala na kuzilinganisha na za mnada wa awali.

Wimbi la karibuni lilikuja na korona. Mwaka 2020 na 2021 watu walikaa ndani, riba ilikuwa chini, fedha za ruzuku ziligawiwa, na kila mwenye boksi la katuni alilipeleka kupimwa hata foleni ya CGC ikawa ya miezi. Julai 2021 fedha za kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ziliingia kwa kununua hisa nyingi za kundi linaloimiliki CGC, kwa thamani iliyozidi dola milioni 500. Mwezi huohuo mchezo wa video wa Super Mario 64, ambao kasha lake halijafunguliwa, ulinunuliwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Mchezo ule uliuzwa kwa mamilioni, na upimaji wa michezo ulikuwa mchanga kiasi kwamba hapakuwa na picha kamili ya kilichobaki madukani na majumbani. Riba zilipopanda mwaka 2022, katuni za miaka ya 1970 hadi sasa zilishuka bei kwa kishindo, hasa zile za 9.8 ambazo zilikuwa zimepimwa kwa wingi wakati wa pilikapilika. Zile za kabla ya 1950 ziliyumba kidogo, kisha zikaendelea na rekodi zake. Aprili 2024 Action Comics namba 1 ya alama 8.5 ilifika dola milioni 6.

Sinema nazo huvuta bei, ingawa si kwa muda mrefu. Black Panther alionekana kwa mara ya kwanza katika Fantastic Four namba 52, Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Toleo hilo lilipata wanunuzi wapya tangu habari za filamu zilipoanza, na filamu ilipotoka Februari 2018, ikiwa na Lupita Nyong'o wa Kenya kama Nakia, hata watu wasiojua katuni walikuwa wakiulizia. Kwa kawaida bei hupaa kwenye tetesi na kushuka sinema inapoonyeshwa, maana aliyenunua kwa ajili ya tetesi anauza siku ya onyesho. Kinachobaki baada ya vumbi kutulia kinategemea ugavi. Incredible Hulk namba 181, ya Novemba 1974, inayomwonyesha Wolverine akiingia uwanjani, inajikimu bila sinema kwa sababu moja ya kitoto: ndani yake kulikuwa na stempu ya kukatwa na kubandikwa, na watoto waliikata. Nakala yenye stempu yake ni nakala ambayo mtoto fulani hakuifurahia vya kutosha.

Hilo linanirudisha kwa vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster wa Cleveland, waliombuni Superman. Machi 1938 walilipwa dola 130 kwa haki zote za mhusika huyo. Hundi waliyopewa ilikuwa ya dola 412, ikijumuisha kazi nyingine, na mwaka 2012 karatasi ya hundi ile iliuzwa kwa dola 160,000. Walipigania haki yao mahakamani kwa miongo na kushindwa. Mwaka 1975, baada ya malalamiko ya umma, walikubaliwa malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Nasoma rekodi za minada na sioni popote fungu linalokwenda kwa mwandishi au mchoraji. Sheria za Marekani hazilazimishi hivyo. Kwa maoni yangu zingepaswa, kama Ulaya inavyowalipa wachoraji picha zao zinapouzwa tena, kwa kuwa mamilioni haya yamesimama juu ya kazi ya mikono yao, hata kama plastiki na lebo vinachukua sifa.

Swali lililo mbele ya soko sasa ni la umri. Waliokusanya tangu miaka ya 1960 na 1970, waliojua kila ukurasa kwa moyo, wako katika miaka ya 70 na 80. Mikusanyo yao inaanza kuingia mnadani mizima mizima, na warithi wao wengi wanataka fedha. Wanunuzi wanaowapokea walikua na filamu, michezo na kadi za Pokémon. Kwa nakala tano au kumi za juu kabisa, tajiri mmoja mpya anatosha. Mtihani upo chini yake: maelfu ya nakala za miaka ya 1960 na 1970 zenye alama 8 na 9, nzuri lakini si za kipekee, ambazo kizazi kimoja kilizilipia kwa mapenzi. Hizo ndizo nitakazozifuatilia katika minada ya mwaka huu, na bei zake hazitatangazwa kwenye vichwa vya habari.